Akili inapoelemea upande: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

"Mwelemeo wa fikra" ni kitu gani?

Mashua iliyopakiwa vibaya huelemea upande mmoja. Haizami, na safari inaendelea, ila nahodha asipoirekebisha kila mara atajikuta ametia nanga kwingine. Akili nayo ina upande inaoulalia. Hukosea, na hukosea kwa mtindo uleule, kiasi kwamba mtu mwingine anaweza kutabiri utakavyokosea kabla hujakosea. Muuza duka akipunja chenji leo na kesho akazidisha, hilo ni kosa tu. Lakini mtu anayesema kila mwaka kwamba nyumba yake itakwisha kabla ya Krismasi, na kila Krismasi inamkuta bado anapanga, huyo ana mwelemeo.

Wengine huita jambo hili "upendeleo". Nalikwepa neno hilo kwa sababu ukilitamka, watu wanamfikiria bosi aliyemwajiri mpwa wake. Hapa hakuna anayempendelea mtu, na mara nyingi anayekosea hana habari kabisa.

Nani alianza kuyachunguza haya?

Wanaotajwa kwanza ni Daniel Kahneman na Amos Tversky, wanasaikolojia waliokutana Chuo Kikuu cha Kiebrania, Jerusalem. Mwaka 1974 walichapisha makala katika jarida la Science, na ndani yake mna jaribio ambalo kila nikilisoma nacheka, kwa sababu swali lenyewe linatuhusu sisi.

Walikuwa na gurudumu la bahati nasibu lenye namba kuanzia 0 hadi 100. Lilitengenezwa lisimame kwenye 10 au kwenye 65 tu, lakini waliojaribiwa hawakuambiwa. Likishasimama waliulizwa: asilimia ya nchi za Afrika katika Umoja wa Mataifa ni zaidi ya namba hii au chini yake? Na wewe unakisia ni ngapi? Walioona 10, kisio lao la katikati lilikuwa asilimia 25. Walioona 65, likawa 45. Gurudumu halijui lolote kuhusu Afrika, na kila aliyekuwepo alijua kwamba halijui. Bado liliwavuta.

Tversky alifariki mwaka 1996. Nobel haipewi marehemu, kwa hiyo mwaka 2002 Kahneman aliipokea bila mwenzake, tena Nobel ya uchumi, yeye ambaye si mchumi.

Gurudumu hilo lina uhusiano gani na mimi ninayekwenda Kariakoo?

Uhusiano wa damu. Muuzaji akikutajia viatu 80,000, unashtuka, unaomba apunguze, mnavutana, unaondoka navyo kwa 50,000 ukijiona mjanja. Hukujiuliza kama vina thamani ya 25,000. Ulichofanya ni kushuka ngazi kutoka kwenye namba aliyoisimamisha yeye, na ulipochoka kushuka ukanunua. Ile 80,000 ndiyo lile gurudumu.

Wale wa kwenye jaribio walivutwa kwa sababu hawakujua jibu. Mtu anayejua hesabu kamili ya nchi za Afrika angelitazama gurudumu kama mchezo wa watoto. Basi dawa ya sokoni ndiyo hiyo: uwe na namba yako kabla hujaisikia yake. Pita maduka matatu bila kununua, au mpigie simu mtu aliyenunua wiki iliyopita. Na ukitajiwa bei ya maajabu, usiijibu kwa namba. Ukisema "nina nusu yake", tayari mnacheza kwenye uwanja wake. Cheka, geuka, ondoka. Akikuita, mwambie aanze upya.

Kamati za harusi zinalijua jambo hili bila kusoma saikolojia. Ndiyo maana kadi ya mchango huja imeshaandikwa kiwango. Ulikuwa umefikiria elfu ishirini, sasa ukitoa hamsini unajisikia umebana.

Si haya ni matatizo ya watu wasiosoma?

Hapana, na swali la kipimo cha hospitali hapo chini litakuonyesha madaktari wakiteleza. Mwaka 2002 Emily Pronin na wenzake, Marekani, waliwaeleza watu mielemeo kadhaa kisha wakawauliza: wewe unayo kiasi gani, na Mmarekani wa kawaida anayo kiasi gani? Wengi waliona ya wenzao ni mingi kuliko yao. Nyani haoni kundule. Wazee walilisema kwa maneno matatu.

Mkeka wangu wa kubeti umechanika kwa mechi moja tu. Si nimekaribia?

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu swali hili linakula mishahara ya vijana wengi.

Tuchukue mkeka wa mechi 10, na tukupe ukarimu: kila timu uliyoichagua ina nafasi 70 kati ya 100 ya kushinda. Kila mechi peke yake inaonekana ya uhakika. Lakini ili mkeka utiki wote unazidisha 0.7 kwa 0.7 mara kumi, na jibu ni takriban 0.028. Yaani katika mikeka 100 ya namna hiyo, itakayotiki ni kama mitatu.

Sasa ile ya kukosa mechi moja tu. Ukipiga hesabu, inatokea kama mara 12 katika mikeka 100. Kukosa kwa mechi moja kunatokea zaidi ya mara nne ya kushinda! Kwa hiyo ule uchungu wa "bila yule kipa ningekuwa tajiri" si dalili kwamba unakaribia. Ni sehemu ya mchezo ulivyojengwa, na kwa mchezaji wa kawaida utakuja tena na tena, kila mara ukiwa na sura ya bahati iliyochungulia mlangoni.

Ndugu yake ni ile imani kwamba baada ya kukosa sana, sasa ni zamu yako. Tarehe 18 Agosti 1913, kwenye jumba la kamari la Monte Carlo, kijipira cha ruleti kiliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Kadiri nyeusi ilivyorudi, watu walizidi kumwaga pesa kwenye nyekundu wakiamini lazima sasa igeuke. Walipoteza mamilioni ya faranga. Kijipira hakina kumbukumbu; hakikujua kilikuwa wapi mzunguko uliopita. Mechi ya Jumamosi nayo haijui kwamba ulikosa Jumatano.

Nimeshatia pesa nyingi kwenye gari hili. Niliache?

Niliwahi kuwa na gari la namna hiyo. Kwanza gia boksi, kisha rejeta, kisha kitu ambacho fundi alikitaja kwa jina tofauti kila nilipokwenda gereji. Kila nilipotaka kuliuza nilijiambia: nimeshatumia milioni tatu hapa, nikiliuza sasa zimekwenda bure. Nikatumia ya nne ili kuzilinda zile tatu, kana kwamba zile tatu bado zipo mahali zikinisubiri.

Pesa iliyokwisha kutumika hairudi, liuzwe gari au lisiuzwe. Kinachobaki kuamuliwa ni pesa ijayo. Swali lililonisaidia, kwa kuchelewa, ni hili: kama leo ndiyo ningeliona gari hili kwa mara ya kwanza, likiwa hivi lilivyo, ningelinunua na kulipeleka gereji? Nililiuza wiki hiyo.

Serikali nazo hunaswa. Waingereza na Wafaransa waliendelea kuijenga ndege ya Concorde huku gharama zikipanda na wateja wakipungua. Mwishowe ni ndege 14 tu zilizobeba abiria, kuanzia 1976 hadi 2003. Wanasayansi wengine huuita mtego huu kwa jina la ndege hiyo.

Na hapa lugha yetu haitusaidii kama tunavyopenda kudhani. Ina "maji yakimwagika hayazoleki", ambayo ndiyo dawa yenyewe. Lakini ina pia "maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga", ambayo ndiyo ugonjwa. Mwenye gari bovu huikumbuka ya pili.

Kipimo kimeonyesha nina ugonjwa. Si ndiyo basi tena?

Inategemea ugonjwa huo ni wa kawaida au wa nadra, na hapa ndipo wasomi huanguka. Mwaka 1978 watafiti waliwauliza madaktari na wanafunzi wa udaktari 60 wa Harvard: ugonjwa unampata mtu 1 kati ya 1,000, kipimo humsingizia ugonjwa mtu asiyeugua mara 5 kati ya 100, mtu ambaye hujui dalili zake amepimwa, kipimo kinasema anao. Uwezekano kwamba anao kweli ni kiasi gani? Karibu nusu walijibu asilimia 95. Jibu sahihi ni kama asilimia 2.

Usiniamini, hesabu mwenyewe. Chukua watu 1,000. Mgonjwa ni mmoja, na tuseme kipimo kinamnasa. Waliobaki 999 ni wazima, lakini kipimo kinawasingizia 5 kati ya kila 100, yaani kama watu 50. Sasa kuna watu 51 walioshika karatasi yenye majibu mabaya, na mgonjwa ni mmoja. Ona jinsi jambo lilivyokuwa jepesi tulipoacha asilimia tukahesabu vichwa. Mwanasaikolojia wa Kijerumani Gerd Gigerenzer ametumia miaka mingi kuwasihi madaktari wazungumze hivyo na wagonjwa.

Hii haimaanishi upuuze majibu. Inamaanisha urudie kupima. Ndiyo sababu kipimo cha kwanza cha VVU kikionyesha maambukizi, mtu hupimwa tena kwa kipimo cha aina nyingine kabla ya kupewa jibu la mwisho. Na kama ulikwenda ukiwa na dalili zote, basi hukuwa mmoja wa wale 1,000 waliookotwa barabarani, na hesabu inabadilika.

Kwa nini uzushi wa WhatsApp unaaminika hata na watu makini?

Kwa sababu unarudi. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani waliwasomea wanafunzi sentensi, nyingine za kweli na nyingine za uongo, katika vikao vitatu vilivyoachana kwa wiki mbilimbili. Zile zilizorudiwa zilizidi kuaminiwa, kweli au uongo. Akili inakutana na jambo inalolifahamu na inadhani kulifahamu ndiko kulithibitisha. Ukitumiwa ujumbe wa tangawizi inayotibu kila kitu kwenye kundi la ukoo, la kanisani au msikitini, na la waliosoma pamoja, unahesabu mashahidi watatu, kumbe ni shahidi mmoja aliyepita milango mitatu.

Kisha kuna kutafuta kile tu kinachotuunga mkono. Peter Wason, London, mwaka 1960 aliwapa watu namba 2, 4, 6 na kuwaambia zinafuata kanuni fulani. Watunge namba zao tatu tatu, naye atawaambia kama zinafuata kanuni au la. Wengi walikisia "zinapanda kwa mbili mbili", wakajaribu 8, 10, 12, kisha 20, 22, 24, na kila wakiambiwa ndiyo, wakazidi kuwa na uhakika. Kanuni ilikuwa pana zaidi: namba yoyote inayopanda. 1, 2, 50 ingekubaliwa. Lakini ili uligundue hilo inabidi utunge mfano unaotarajia kuambiwa hapana, na hicho ndicho watu hawapendi kukifanya, wawe na namba au wawe na mgombea wao wa uchaguzi.

Naogopa ndege, siogopi barabara. Ni ujinga?

Si ujinga, ni kumbukumbu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tunapima hatari kwa urahisi wa kuikumbuka, na ndege ikianguka tunaonyeshwa mabaki yake wiki nzima. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Wamarekani wengi waliacha ndege wakaendesha magari, na Gigerenzer alikadiria kwamba katika mwaka uliofuata watu wapatao 1,500 zaidi walikufa barabarani kwa sababu hiyo. Kwetu, simba akiua mtu kijijini nchi nzima inasikia. Malaria, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, iliua watu wapatao 608,000 mwaka 2022, sehemu kubwa mno wakiwa Waafrika, na bado kuna usiku tunaona uvivu kuteremsha chandarua.

Tafiti hizi ni za Wazungu. Sisi zinatuhusu?

Swali zuri kuliko yote, na wanasayansi wenyewe walichelewa kujiuliza. Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake waliandika kwamba saikolojia ilikuwa inawapima hasa wanafunzi wa vyuo vya nchi tajiri za Magharibi kisha inatangaza kuwa imempima binadamu.

Jibu moja lilitoka hapa Tanzania. Kuna mwelemeo wa kukipenda kitu kwa sababu tu ni chako: katika jaribio maarufu lililochapishwa mwaka 1990, wanafunzi waliopewa kikombe walidai, ili wakiuze, takriban mara mbili ya bei ambayo wasio nacho walikuwa tayari kulipa. Ilidhaniwa hivyo ndivyo mtu alivyoumbwa. Kisha Coren Apicella na wenzake wakaenda kwa Wahadzabe, kandokando ya Ziwa Eyasi, na mwaka 2014 wakachapisha walichokiona. Mtu alipewa kitu kimoja kati ya viwili vinavyofanana thamani, kama kiberiti cha gesi au biskuti, kisha akaulizwa kama angependa kubadilisha. Kwa kuwa alichopewa kilichaguliwa kwa bahati tu, unatarajia nusu ya watu wabadilishe. Wahadzabe wanaoishi mbali na soko na watalii, karibu nusu walibadilisha kweli. Wale wa karibu na Mang'ola, waliozoea kuuza vitu kwa watalii, wengi waling'ang'ania walichopewa, kama wale wanafunzi wenye vikombe.

Kwa hiyo baadhi ya mielemeo hatukuzaliwa nayo, tumeokota sokoni. Tafiti za aina hii zinazofanywa kwetu bado ni chache mno kwa bara lenye watu zaidi ya bilioni moja.

Zote zimethibitika?

La. Mwaka 1996 utafiti mmoja ulidai kwamba ukimsomesha mtu maneno yanayohusu uzee atatembea polepole akitoka mlangoni. Wengine walipourudia, mwaka 2012 huko Brussels, hawakuyaona hayo. Kahneman alikuwa amezisifu tafiti za jamii hiyo, na mwaka 2017 alikiri hadharani kwamba aliziamini kupita kiasi, zilikuwa na watu wachache mno. Namheshimu zaidi kwa hilo kuliko kwa Nobel. Lakini mvuto wa namba ya kwanza, ule wa gurudumu, ulipojaribiwa upya, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2014 na kuhusisha makundi 36 yenye watu zaidi ya 6,000, ulisimama imara.

Baada ya mechi ya watani wa jadi kila mtu husema "nilijua tu". Alijua kweli?

Mwaka 1972, kabla Rais Nixon wa Marekani hajakwenda Beijing na Moscow, wanafunzi nchini Israeli waliombwa wakadirie uwezekano wa mambo mbalimbali kutokea safarini. Baadaye waliombwa wakumbuke walichokadiria. Yaliyotokea, walikumbuka kwamba walikuwa wameyapa uwezekano mkubwa kuliko walivyoandika. Hawakudanganya. Kumbukumbu yenyewe ilikuwa imesogea.

Methali zetu zinachochea moto huu. Aliyewahi akaharibikiwa anaambiwa haraka haraka haina baraka. Aliyesubiri akaharibikiwa anaambiwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Jambo lolote likitokea, mzee wa Simba na mzee wa Yanga wote wana methali mfukoni. Ukitaka kujua nani alijua, mwambie aandike kabla ya mechi.

Nikishayajua majina yote haya, nimepona?

Kahneman, baada ya maisha mazima ya kuyasoma, alisema silika zake hazikuwa bora sana kuliko mwanzo. Kinachosaidia ni kubadilisha utaratibu wa kuamua. Akiwa kijana wa miaka ya ishirini na kitu, jeshini Israeli, alikuta wahojaji wakiwapa askari wapya alama kwa hisia ya jumla: huyu ananipendeza, huyu hapana. Ukipenda, chongo huita kengeza. Aliwapa tabia sita za kupima, kila moja kwa maswali yake na alama yake, wasiruhusiwe kwenda ya pili kabla ya kuandika alama ya kwanza. Wahojaji walikasirika, wakisema anawageuza mashine, lakini usaili mpya ulitabiri vizuri zaidi kuliko wa zamani. Ukiajiri hata muuza duka mmoja, unaweza kufanya hivyo kwa kipande cha karatasi.

Kwa kikundi kinachotaka kuanzisha mradi, mwanasaikolojia Gary Klein ana zoezi ninalolipenda. Kabla ya kutoa pesa, kila mmoja ajifanye mwaka umepita na mradi umekufa, kisha aandike kimyakimya umekufaje. Anayeogopa kuitwa mkatisha tamaa anapata ruhusa ya kusema kuhusu yule mweka hazina.

Fundi amesema wiki mbili. Nimwamini?

Huenda hakudanganyi, anajidanganya naye. Mwaka 1994 watafiti waliwauliza wanafunzi waliokuwa wakiandika tasnifu zao watamaliza lini. Kwa wastani walisema karibu siku 34. Iliwachukua zaidi ya 55. Jumba la opera la Sydney lilitakiwa kukamilika mwaka 1963 kwa dola milioni 7 za Australia. Lilifunguliwa 1973 likiwa limemeza milioni 102. Mtu akipanga huiona kazi yenyewe tu, hauoni umeme kukatika, msiba wa shangazi, wala saruji kupanda bei.

Usimuulize fundi kazi yako itachukua muda gani. Muulize kazi tatu za mwisho alimfanyia nani, kisha wapigie hao, uwaulize zao zilichukua muda gani. Mimi nimefanya hivyo kwa geti langu. Yeye anasema Ijumaa. Majirani wawili wananiambia wiki tano, wiki sita. Nimeandika kwenye daftari tarehe yake na tarehe yangu, kila mmoja na mstari wake.